Mshenga wa Bandari

Kwa miaka kumi mfululizo Fidele Nsabimana alikataa kuwa mshenga. Watu wa Nyabiyonza walimfuata kwa miguu, wakamfuata kwa baiskeli, mmoja akamletea jogoo aliyefungwa miguu, naye akamrudisha jogoo na kumwombea mwenyewe heri. Alikataa kwa Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, akakataa kwa Wanyarwanda wenzake. Paroko alipomtuma katekista, Fidele alisema mgongo unamsumbua, utadhani posa hubebwa mgongoni. Jambo hilo liliwashangaza watu, maana kabla hajaenda ng'ambo hakukuwa na mshenga wa kumfikia kuanzia Nyabiyonza mpaka Mabira. Alikuwa amepeleka posa saba, zote saba zikawa ndoa, na hata moja haikuvunjika isipokuwa ile ya fundi baiskeli, ambayo malaika mwenyewe asingeiweza.

Basi wakasema ng'ambo kumemtia majivuno. Fidele aliwasikia akawaacha waseme, kwa sababu afadhali kusingiziwa majivuno kuliko kujulikana kwa kile alichokuwa nacho. Alikuwa na hatia. Aliamka nayo, akapalilia nayo kahawa, akaenda nayo kanisani na kurudi nayo nyumbani.

Mwezi wa sita mwaka 1992 dada yake, Nyirabageni, alimfuata shambani. Nyirabageni alikuwa mjane mwenye binti mmoja tu, Mukakalisa, aliyekuwa anajifunza uuguzi Nyakahanga. Msichana huyo alikuwa amependana na Yustus, mtoto wa mzee Rwezaura, Mhaya aliyehamia kutoka Muleba na kufungua duka na mashine ya kusaga kule bondeni.

"Musaza wanjye," Nyirabageni alianza. Ndivyo dada anavyomwita kaka yake kwa Kinyarwanda, na mama huyu akilitumia neno hilo katikati ya Kiswahili ujue hajaja kuomba chumvi. "Jumamosi wanakuja. Nani atasema upande wangu?"

"Mchukue Celestin. Ana mdomo."

"Celestin ana mdomo, lakini akili hana. Na wao wamemchukua Byarugaba."

Fidele aliacha kupalilia. Byarugaba ndiye aliyemfundisha ushenga, tena ndiye aliyempa pa kulala alipokuja nchini hana kitu.

"Wewe unajua Rwezaura anataka nini," Nyirabageni aliendelea. "Mkwe anamtaka, ndiyo. Lakini anataka na njia ya lori. Lile lori lake linazunguka mlima mzima kufika kwenye mashine. Akipita kwenye kibanja changu, kwenye migomba yangu, amefika kwa dakika tano. Na pa kupita ni pale pale kwenye chemchemi. Lori likipita pale mara kumi, chemchemi imekuwa tope. Nitateka wapi maji? Majirani watateka wapi?"

"Mkatalie."

"Nikimkatalia akaondoka na mwanawe, je? Mukakalisa atanilaumu mpaka kaburini." Alikaa juu ya gogo, akashusha sauti ingawa hapakuwa na mtu. "Nitakwambia wewe peke yako. Wakitubana kabisa, kabisa, nitatoa njia, wakati wa kiangazi tu. Lakini nakuomba tusifike huko."

Fidele alihisi baridi jua likiwa linawaka. Maneno hayo alikuwa ameshayasikia, kwa Kifaransa, kutoka kwa mtu mwingine, na alijua alichoyafanyia. Akataka kusema mgongo unamuuma. Lakini yule alikuwa dada yake, na katika dunia hii hakuwa na ndugu mwingine wa tumbo moja. Akasema, "Nitakuja."

Sasa, ili ieleweke kwa nini mtu mzima aogope posa ya mpwa wake, inabidi turudi nyuma.

Fidele aliingia Karagwe mwaka 1961 akiwa na miaka kumi na mitano, pamoja na mama yake na Nyirabageni mdogo. Huko Rwanda alikuwa seminari ndogo, na alichofanikiwa kutoroka nacho ni Kifaransa na shati moja. Byarugaba, Mnyambo kijana aliyekuwa ndiyo kwanza ameoa, aliwagawia pembe ya kibanja chake na machipukizi ishirini ya migomba. Migomba hiyo ndiyo iliyowalisha. Fidele alipokua na kuwa mwalimu, Byarugaba alianza kumchukua kwenye posa, kwanza akae tu asikilize, halafu aseme kidogo, halafu aseme yote.

Na jambo kubwa alilomfundisha lilikuwa kuangalia mvua. Posa ikikwama, huyu anataka ng'ombe sita na yule anatoa wawili, na wazee wameshaanza kukohoa kwa hasira, mshenga mmoja huomba ruhusa yeye na mwenzake watoke wakaangalie mvua. Hata kama ni kiangazi na vumbi linaingia machoni, hakuna anayecheka. Wanakwenda nyuma ya migomba. Huko aliyeomba kutoka husema waziwazi: watu wangu wataishia hapa. Na mwenzake lazima naye aseme lake. Akishaambiwa hana ruhusa ya kunyamaza. Kisha wanarudi ndani, wanabishana kwa sauti kubwa na kupungiana mikono ya kukataa, wanakutana pale walipokwisha kukubaliana, na kila mzee anakwenda nyumbani akiamini ameshinda. Kilichosemwa nyuma ya migomba hakitajwi tena, si kwa mke wala kwa padri. Fidele aliipenda kazi hiyo. Aliona ni njia safi kuliko zote ambazo watu wamewahi kubuni ili wasiaibishane.

Mwaka 1981 wakubwa wa Dar es Salaam walimtafuta mtu anayejua Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili ili wamwazimishe kwa nchi rafiki. Ilikuwa nchi ya visiwa iliyopata uhuru juzijuzi, na ofisi zake zilikuwa na viti vingi kuliko watu. Fidele hakupenda kulitaja jina la visiwa hivyo, nasi tumwachie. Alipewa suti mbili na tiketi ya ndege, akaenda kuwa mkalimani.

Huko alikuta wageni wa taifa kubwa lenye manowari nyingi. Walitaka meli zao za kivita ziruhusiwe kuingia visiwani, zichukue maji na mafuta, mabaharia wanyooshe miguu. Waziri aliyekabidhiwa mazungumzo alikuwa mwalimu wa hesabu mpaka mwaka uliotangulia, mtu mpole mwenye kikohozi. Hakutaka kuwanyima kabisa, kwa kuwa nchi ilihitaji mchele, dawa na mitambo ya umeme. Wala hakutaka kumpa mwingine leo kile walichokitoa mikononi mwa mkoloni jana. Akasema meli ziingie bandari kuu, moja moja, kwa kuomba ruhusa kila mara, zikae siku tatu, ziondoke. Wageni wakasema hapana, wao wanataka Ghuba ya Kaskazini, ambayo maji yake ni ya kina, wajenge gati lao na kuweka uzio wao.

Siku tatu walizungumza, na siku tatu Fidele alikaa katikati akibeba maneno ya huku na kuyapeleka kule. Jioni ya siku ya tatu Waziri aliwakusanya wasaidizi wake, Fidele akiwa pembeni anatafsiri karatasi. Waziri akasema, "Wakitubana kabisa, kabisa, tutatoa ghuba. Lakini nawaomba tusifike huko."

Siku ya nne mambo yalikwama. Waziri alikohoa, Kamanda wa wageni akafunga faili lake, pakaitishwa chai. Fidele aliwatazama watu hawa wawili na moyo ukamuuma kwa ajili yao wote. Aliona waziwazi kinachokosekana, kama fundi anavyoona kigingi kilichochomoka. Hapakuwa na mtu wa kuangalia mvua.

Kamanda alikuwa amesimama peke yake barazani anavuta sigara. Fidele akamfuata.

"Kamanda, unaionaje mvua?"

Kamanda alitazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe. Akasema haoni dalili, na Fidele akatabasamu, akiona mzungu huyu anaujua mchezo, amejibu kama mzee wa Karagwe. Akamsogelea. Akamweleza kwamba Waziri anaweza kufika kwenye ghuba, ila itamuuma sana, kwa hiyo afadhali wakutane kabla ya hapo. "Na wewe," akauliza, "watu wako wataishia wapi?"

Kamanda alimtazama. Akazima sigara yake kwenye ukuta, akasema, "Asante sana, Bwana Nsabimana," akaingia ndani.

Fidele akabaki barazani anasubiri. Labda atasema baada ya chai, aliwaza. Labda kwao husemwa jioni. Jioni ikapita. Asubuhi Kamanda alifungua faili lake na kudai ghuba yote, miaka ishirini na mitano, na meli zake zisikaguliwe na mtu. Waziri alipunguza, akaongeza, akasihi, akakohoa. Kamanda hakushuka hata hatua moja, maana alijua sakafu iko wapi. Mchana Waziri alitia sahihi. Alipomaliza alimshika Fidele bega, akamshukuru kwa kazi nzuri.

Na Fidele hakupewa hata peremende. Mla rushwa angalau ana cha kuonyesha. Huyu aliitoa bandari ya watu bure, kwa ustaarabu wa nyumbani kwao.

Hapo bado angeweza kujidanganya kwamba ghuba ni maji tu. Lakini alikuwa amepanga chumba huko huko ghubani, kwa mama mmoja wa makamo ambaye kila mtu alimwita Bi Mkubwa. Maji ya bahari yakitoka, Bi Mkubwa na wanawake wenzake walitembea kwenye miamba na vyuma vyao wakichokoa pweza mashimoni, wakicheka na kutaniana. Kila mmoja alikuwa na shimo lake alilolirithi kwa mama yake. Wiki tatu baada ya sahihi, barua ya serikali ilifika kijijini kwa Kifaransa. Wanawake wakaileta kwa mpangaji msomi awasomee.

Akawasomea. Kijiji chote kihame kabla ya mwisho wa mwezi, kitapewa viwanja juu mlimani.

Hakuna aliyelia. Bi Mkubwa aliuliza tu, "Nani aliyewaambia kwamba sisi tunaweza kuhamishwa?"

"Sijui, mama," Fidele alisema.

Siku ya kuondoka kwake, Bi Mkubwa alimfungia pweza mkavu kwenye jani la mnazi ampelekee dada yake. Fidele alimbeba ndege mbili na mabasi matatu. Nyirabageni alipomfungua alipiga kelele, akauliza huyu ni mnyama au ni mzizi, na kijiji kizima kikaja kushangaa. Hakuna aliyethubutu kumla. Alining'inia juu ya jiko miezi mingi mpaka akawa mweusi, hatimaye Fidele akamzika nyuma ya nyumba, chini ya mgomba, na akasimama pale muda mrefu kuliko inavyostahili kumsimamia pweza.

Ndiyo maana hakutaka tena posa ya mtu.

Jumamosi ilifika. Sebule ya Nyirabageni ilitandikwa majani mabichi, vibuyu vya rubisi, pombe ya ndizi, vikapangwa ukutani. Rwezaura aliingia na koti lake la sufi, kaka zake wawili, na Byarugaba nyuma yao akiwa na fimbo. Alikuwa amezeeka. Magoti yalikuwa mabovu, lakini sauti ilikuwa ile ile.

"Shikamoo, kaka," Fidele alimwambia mlangoni.

"Marahaba, mdogo wangu. Nilisikia mgongo umepona, nikasema nije nijionee." Akacheka, akamminya mkono. Ilikuwa furaha ya kweli, na Fidele aliiona.

Byarugaba alifungua kwa maneno matamu, kisha akataja ya upande wake: ng'ombe wawili, msichana aache masomo aje kwa mumewe, na kwa kuwa sasa watakuwa ndugu, lori la mzee lipate pa kupita. Fidele akajibu ng'ombe sita, msichana amalize miaka miwili iliyobaki, na njia hakuna. Wakaenda mbele na nyuma kwa saa nzima. Rwezaura aliishikilia ile njia ya lori kwa nguvu zaidi kuliko alivyowashikilia ng'ombe. Alisema ndugu hawanyimani njia. Mmoja wa kaka zake alisema kama mambo ni haya waondoke. Nyuma ya pazia Mukakalisa alisikika akivuta pumzi, na Nyirabageni akamtupia kaka yake jicho la kuomba.

"Wazee wangu," Byarugaba akasema, "tunaomba mimi na mwenzangu tukaangalie mvua."

Nje jua lilikuwa la mwezi wa sita, ardhi imepasuka. Walipita jikoni, wakafika nyuma ya migomba, na Byarugaba akajiegemeza kwenye fimbo.

"Sikiliza," alisema. "Mzee atafika ng'ombe watano. Msichana atamaliza masomo. Na njia ataisahau. Yustus amemwambia baba yake kwamba akimkosa huyu binti anahamia Mwanza na hatarudi, na mzee hana mtoto mwingine wa kiume. Amelia mbele yangu, Fidele, mtu mzima vile. Hilo libaki hapa. Haya, na wewe, dada yako ataishia wapi?"

Fidele alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, mafupi: atatoa njia, kiangazi tu. Wangeyajua yote mawili wangekutana katikati, labda lori lipite mara moja kwa mwezi, na kila mtu angerudi nyumbani salama. Ndivyo walivyofanya mara saba. Byarugaba alikuwa anamtazama kwa utulivu, kama mtu anayemtazama mwenzake akitafuta ufunguo mfukoni. Lakini Fidele aliiona chemchemi, akaiona na miamba ya pweza. Aliona Kamanda akizima sigara ukutani. Alikuwa ameapa kwamba neno la siri la mtu mnyonge halitatoka tena kinywani mwake.

"Asante sana, kaka," akasema, akageuka kurudi ndani.

Alipiga hatua tatu tu, ndipo alipojisikia alichosema. Ile asante aliijua. Angeweza kugeuka, Byarugaba alikuwa bado amesimama pale pale kwenye migomba, amemtegea sikio. Fidele hakugeuka.

Ndani alisema ng'ombe watano, masomo hadi mwisho, njia hapana. Rwezaura akasema wanne na njia wakati wa kiangazi. Loo, ndipo pale pale alipokuwa Nyirabageni! Fidele akasema watano, na njia hapana. Rwezaura akasema watano, lakini njia. Fidele akasema hapana. Na kwa kuwa mtu aliyeanza kuteremka mlima hujikuta anakimbia, akaongeza, "Nadhani mzee anajua kwa nini ni bora akubali leo."

Rwezaura alibadilika rangi. Alimtazama Fidele, kisha akauliza polepole, "Nani aliyekwambia?"

"Sijui, mzee," Fidele akajibu.

Lilikuwa jibu la kijinga, maana nani asiyemjua aliyemwambia? Lakini lilikuwa limekaa mdomoni mwake miaka kumi, na lilitoka lenyewe kabla hajatafuta jingine.

Rwezaura alimgeukia Byarugaba, na wote waliokuwemo wakamgeukia. Mzee yule alikuwa amekaa na fimbo yake katikati ya magoti. Angeweza kusema. Angeweza kusema nimemwambia kama tunavyoambiana siku zote, na yeye hakuniambia lake. Lakini ya nyuma ya migomba hayatajwi, na Byarugaba hakuyataja. Alitazama chini.

"Nimekubali," Rwezaura akasema. Wanawake wakapiga vigelegele, Mukakalisa akatoka nyuma ya pazia analia na kucheka, rubisi ikamiminwa. Nyirabageni alimkumbatia kaka yake mbele ya watu wote, akamwambia Mungu alimhifadhi miaka yote kumi kwa ajili ya siku hiyo. Mlangoni, wakati wa kuondoka, Rwezaura alimwambia Byarugaba kwa sauti ya kusikika, "Umenivua nguo, mzee. Usinikanyagie tena nyumbani." Byarugaba akaitikia kwa kichwa, akashika njia peke yake, kwa mwendo wa magoti yake mabovu.

Fidele alishikilia kibuyu, asiweze kunywa. Alikuwa ameshinda, na alijiona mchafu. Miaka yote alikuwa amemlaani Kamanda yule, na sasa alikuwa amelivaa koti lake na limemtosha.

Jumapili baada ya misa alikwenda kwa Byarugaba. Alimkuta uani anapukuchua mahindi. Fidele hakukaa kwenye kiti alichopewa, alikaa chini. Akamweleza yote: Waziri mwenye kikohozi, sigara barazani, barua ya Kifaransa, pweza. Hakuna binadamu aliyewahi kuyasikia hayo. Alisema akilia waziwazi, na kuku walimzunguka wakidonoa punje zilizoanguka. Mwisho akasema, "Nilikuogopa wewe, kaka, wewe uliyenipa migomba. Nilikuogopa kama yule."

Byarugaba alipukuchua hindi moja mpaka likaisha. "Jana nilirudi najiuliza kama masikio yangu yameziba," alisema. "Nikasema labda Fidele alisema na mimi ndiye sikusikia. Nilimuuliza hata mke wangu kama siku hizi sisikii."

Fidele alifunika uso kwa mikono.

"Huyo mama wa pweza alikuuliza, ukasema hujui," Byarugaba akaendelea. "Rwezaura alikuuliza, ukasema hujui. Sasa mimi nakuuliza, na nilikuuliza jana. Dada yako angeishia wapi?"

Fidele alijua anachoombwa. Akilisema hilo, mzee huyu atakuwa na kitu cha kumpelekea Rwezaura: kwamba walipunjwa, kwamba njia ilikuwepo, kwamba mshenga aliyewachezea rafu si yeye. Rwezaura atarudi kudai. Chemchemi itakuwa tope, na Nyirabageni atajua ni nani aliyeitoa. Akilinyima, basi atakuwa amelisema lile "sijui" mara ya tatu.

"Angetoa njia," alisema. "Kiangazi tu. Alinisihi tusifike huko."

Byarugaba aliitikia kwa kichwa mara mbili, taratibu. "Sawa," akasema. "Sasa tumeiangalia mvua." Akachukua hindi jingine.

Fidele alirudi nyumbani akisubiri. Wiki ile alikaa karibu na kibanja cha dada yake, akijifanya anakata majani ya migomba makavu, masikio yakiwa barabarani. Alikuwa ameshayapanga maneno atakayomwambia Nyirabageni. Harusi ikafungwa, ng'ombe watano wakaja, Mukakalisa akarudi Nyakahanga kumaliza masomo yake. Rwezaura alitafuta mshenga mwingine kwa ajili ya binti zake, na baada yake wengine nao wakaacha kumwita Byarugaba, kwa kuwa ilishajulikana kwamba mzee ana mdomo mwepesi. Kanisani alikaa benchi la nyuma. Akikutana na Fidele aliitikia shikamoo yake vizuri, akauliza habari za mgongo, akapita.

Byarugaba hakwenda kwa Rwezaura kumwambia hayo. Kiangazi kile kikapita, kikaja kingine na kingine. Nyirabageni hufagia chemchemi yake kila asubuhi na kumsifu kaka yake kwa kila anayekuja kuteka maji. Fidele akiwa pale husikia lori la Rwezaura likibadili gia mbali juu ya mlima, likizunguka njia ndefu, naye husimama na kusikiliza, akitamani siku moja likate kona lije moja kwa moja kupitia migomba. Halijaja.